Shajara Isiyobana Jumapili

Ibighi, Tukuyu
21 Novemba 2024

Baba mkwe mpendwa,

Na ile shajara yenye kufuli nayo nimeikataa, maana nani ataiba habari za mvua? Naendelea pale pale nilipoishia juzi. Mama mkwe, anayetubebea barua hizi akija sokoni, alikuwa amekwisha jitwisha kikapu, nikaikunja barua sentensi ikiwa bado mdomoni.

Wenzangu hapa Ibighi wananicheka. Wanasema, kutoka hapa mpaka kwenu njia ya Igogwe ni mwendo wa nusu saa kwa bodaboda, barua za nini? Nawajibu kwamba Shangazi Atupele, dada yako, alinifunda wiki ya harusi. Mke hatazamani na baba wa mumewe. Hasemi naye. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Hayo yote nimeyashika, Baba, na nitayashika mpaka nizeeke. Lakini Shangazi hakusema tusiandikiane! Meshaki aliposikia hivyo alicheka mpaka akaangusha randa. Ukimwona mwanao akicheka, na vumbi la mbao kwenye kope! Miezi miwili na nusu ya ndoa na bado kila jioni nasikia hatua zake mlangoni nafikiri ndiyo mara ya kwanza.

Turudi kwenye shajara yako ya mvua. Ulinipa masharti matatu: ukurasa mmoja kwa siku moja, karatasi isiyovujisha wino, na Jumamosi na Jumapili zisibanwe pamoja, "kwa sababu mvua haijui wikiendi." Nimezunguka maduka yote ya vifaa vya shule. Moja ilikuwa na maua na maneno ya kutia moyo kila ukurasa, nikakuona ukiandika "milimita ishirini na nne" chini ya "Wewe ni nyota." Hapana. Nyingine ilikuwa nzuri, lakini Jumapili imepewa vidole viwili tu vya nafasi, kama mgeni asiyealikwa.

Mwishowe nikaenda dukani kwa Salimu. Mama yake, Bimdogo, alikuwa amekaa mlangoni. Salimu akaniuliza nataka ya lini. Kulikuwa na neno moja la kumjibu, neno fupi tu, nikashindwa kulitamka. Unalijua, Baba, na hapa pia sitaliandika. Nikasema tu, "Nataka ya miezi ya baba mkwe wangu, hiyo aliyobakiwa nayo mbele." Salimu akashangaa. Bimdogo alinitazama mara moja akaelewa kila kitu, akanishika mkono. "Pole mwanangu," akasema, "utazoea."

Basi nimekuchagulia ya kijani, jalada gumu, utepe mwekundu. Jumapili ina ukurasa wake mzima. Nimeijaribu kwa kalamu ya wino kama yako, haivuji. Inakutosha miezi yako kamili, haizidi wala haipungui. Mama anakuletea.

Anasema ulikwenda tena Igogwe kumwona rafiki yako Ackson. Natumaini mlikuwa na mazungumzo mema.

Mkamwana wako mwenye furaha,
Tusekile

*

Njia ya Igogwe
25 Novemba 2024

Mwanangu Tusekile,

Nani amekuambia?

Nimeisoma barua yako mara nne nikiwa nimesimama chini ya mti wa parachichi, mama yako asinione uso. "Miezi aliyobakiwa nayo." "Neno lisilotamkika." Na mpaka mama wa dukani anakupa pole! Mwanzoni nilidhani ni Ackson. Lakini Ackson ni mtu wa siri, alifanya kazi wodini miaka thelathini. Hata hivyo umejua, na umejua kuniambia kwa heshima bila kulitaja. Kwa hilo nakushukuru.

Ni kweli. Ni kansa. Mimi nitaliandika kwa sababu ni langu. Iko tumboni. Siendi Igogwe kupiga soga, nakwenda kwa daktari. Amesema hanihakikishii kupita mwezi wa sita. Kuna barua amenipa niipeleke hospitali kubwa Mbeya nikapasuliwe. Nimeichomeka ndani ya shajara ya 1986, mwaka nilioanza kupima mvua, mahali ambapo hakuna anayefungua.

Sasa nisikilize. Usimwambie Meshaki. Usimwambie mama yake. Huyu kijana ndiyo kwanza ameoa, kila akija hapa anapiga miluzi. Sitaki kuwa tone linalovuja kwenye paa la nyumba yake mpya. Hili ni agizo.

Shajara ni nzuri sana. Umechagua kama mtu aliyewahi kupima mvua. Ila nakurudishia. Tangu mwaka ule sijawahi kuacha ukurasa mtupu, na hii itakuwa na kurasa nyeupe mia moja themanini na zaidi baada yangu. Mwaka mzima ni mwingi kwangu. Mwombe Salimu akutafutie nyembamba. Kama hakuna, ikate katikati, hadi Juni.

Ndaga fijo, ahsante sana, mwanangu.

Baba yako,
Hezron Mwakalukwa

*

Ibighi
28 Novemba 2024

Baba,

Sikujua. Mungu wangu, sikujua chochote!

Naandika hapa mwandiko umepinda, unisamehe. Neno nililoshindwa kulitamka halikuwa hilo lako. Shangazi alinifundisha kwamba jina la baba mkwe halitamkwi, hata kipande chake. Nami nikalishika hilo kwa bidii zote, kwa sababu nilitaka niwe mkamwana bora kuliko wote Rungwe. Na jina lako la ukoo linaanzaje, Baba? Linaanza na lile neno la miezi kumi na miwili! Lile lililoandikwa kwa dhahabu kwenye jalada la kila shajara! Jina la ukoo nililopewa mimi mwenyewe kanisani siku ya harusi sijawahi kulitamka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Salimu:

"Dayari ya lini, dada?"

"Ya... inayokuja."

"Wiki inayokuja?"

"Kubwa zaidi."

"Mwezi?"

"Kubwa zaidi, kaka Salimu."

"Basi sema mwenyewe, mimi si mganga!"

Bimdogo akasema, "Muache, huyu ana mkwe ndani ya kalenda." Wakacheka, nami nikacheka. Pole aliyonipa ilikuwa ya utani tu. Na ile "miezi aliyobakiwa nayo" ilikuwa njia yangu ya kuzunguka neno, kama mtu anavyozunguka dimbwi. Nimezunguka nikakanyaga kaburi.

Barua yako niliisomea karakanani, Msasani ya hapa hapa Tukuyu. Nilikuwa nimempelekea Meshaki chakula, nikakaa juu ya rundo la mbao nikaifungua huku natabasamu. Nilipofika kwenye lile neno, nililirudia mara tatu. Niliona maandishi, sikuona maana. Meshaki akazima msumeno.

"Tata anasemaje?" akauliza, kama akuitavyo wewe baba yake.

"Anasema mvua."

"Imekuwaje?"

"Nyingi."

Akaendelea kupiga miluzi. Baba, hilo ndilo neno la uongo la kwanza nililomwambia mume wangu. Usiku aliulaza mkono wake shingoni mwangu nikahisi nimeiba.

Nitatii. Sitasema. Lakini niambie daktari alisema nini hasa, neno kwa neno, kama unavyoandika mvua. "Hanihakikishii" ni kama mtu asipofanya nini? Na kama akifanya?

Shajara nakurudishia nzima. Salimu hana nyembamba. Mkasi ninao, na sitaikata.

Tusekile

*

Njia ya Igogwe
2 Desemba 2024

Mwanangu,

Nimecheka mpaka tumbo, hilo hilo tumbo, likaniuma. Kisha nikaisoma tena barua yako. Mimi mtu wa miaka sitini na saba, karani wa zamani wa kampuni ya chai, niliyetunza siri za ofisi nzima, nimejitoa mwenyewe kwa mtoto aliyekuwa akikwepa kusema "mwaka". Mimi nilidhani Atupele alikufunda kunificha uso tu. Ya jina nilidhani yalikwisha na bibi zetu.

Umetaka neno kwa neno. Daktari alisema: "Mzee, uvimbe haujasambaa. Ukikatwa mapema, utapima mvua mpaka uchoke. Ukiuacha, baada ya Juni mimi sina neno." Akaniandikia nafasi, tarehe 9 Januari, Mbeya. Nikamwambia ahsante nikaondoka.

Sitakwenda. Kaka yangu Ambindwile alikwenda kupasuliwa mwaka 2009. Aliondoka hapa kwa miguu yake, amevaa koti langu jipya. Tulimpokea akiwa amelala, na koti wakalirudisha ndani ya mfuko wa plastiki. Huwa sisemi hivi mbele za watu. Naogopa, Tusekile. Ukitazamana na mtu huwezi kumwambia hilo. Labda ndiyo faida ya mwiko wetu.

Halafu, mimi nikilala Mbeya wiki tatu, nani atapima mvua? Kila asubuhi saa tatu kamili, tangu 1986, sijaruka hata siku moja. Siku ya harusi yenu nilipima kwanza ndipo nikavaa tai. Milimita tisa. Nilidhani ni baraka.

Agizo linabaki pale pale. Na shajara nimeirudisha tena ndani ya kikapu. Mama yako ameanza kuuliza kwa nini kitabu hiki hakipati kwao.

Baba yako,
H. M.

*

Ibighi
5 Desemba 2024

Baba,

Safari hii shajara sikuirudisha. Naikalia mimi.

Uliniagiza nisimwambie Meshaki. Sikumwambia. Mdomo wangu haujatoa neno, naapa.

Nimemwandikia.

Ni barua yangu ya kwanza kwa mume wangu. Tunalala kitanda kimoja na nimemwandikia barua, nikaitia ndani ya boksi lake la patasi. Nimekukosea. Nimelia nikiiandika na nimelia nikiifunga. Lakini yeye ndiye anayenisikia ninapohema vibaya, amekwisha niuliza mara tatu, "Umechoka na mimi?" Mimi! Nimchoke Meshaki!

Leo mchana amekuja nyumbani saa sita, hajawahi. Barua ilikuwa mkononi, imelowa. Alikaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, akanikumbatia miguu kama mtoto. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Tarehe tisa?"

Sasa anajiandaa kuja huko. Barua hii Mama anaibeba kesho asubuhi, yeye atamtangulia au atamfuata, sijui.

Nikemee, Baba. Nitapokea.

Tusekile

*

Njia ya Igogwe
16 Desemba 2024

Mwanangu mkaidi,

Nimekaa siku kumi na moja nikitafuta maneno ya kukukemea. Kuzungumza nawe siruhusiwi, na kila nikiandika naishia kuchana.

Meshaki alifika kabla ya barua yako. Nilimwona anaingia na boksi la vifaa. Hakunisalimu vizuri, akaenda moja kwa moja kwenye kipimo changu cha mvua, akaona nguzo imeoza, akaanza kuchonga mpya. Saa nzima hakuniangalia. Nikamwambia, "Hiyo nguzo ilikuwa nzima." Akasema, "Haikuwa nzima, Tata. Ilikuwa inasimama kwa kiburi." Hapo nyundo ikamponyoka, akalia kama alivyolia siku alipokaribia kuzama mtoni ana miaka saba. Nilishtuka kuliko siku ya daktari. Nilidhani namkinga, kumbe nilikuwa namfungia nje.

Nikaenda jikoni kumwambia mama yake. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Nimebeba barua hizi wiki tatu. Habari za mvua hazina uzito ule. Na mkanda wako umeutoboa matundu mawili mapya, ulidhani ni panya?" Basi mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na siri, wengine wote walikuwa wananisubiri.

Nitakwenda Mbeya tarehe 9. Nimeshaitoa ile barua kwenye shajara ya 1986. Siahidi kwamba sitaogopa.

Lakini swali langu halijajibiwa. Meshaki atakuwa nami wodini. Mama yako bila miwani hawezi kusoma mistari ya kipimo, na miwani hataki, anasema inamzeesha. Nani atapima mvua saa tatu kamili? Sitaki pengo.

Baba yako,
Hezron Mwakalukwa

*

Ibighi
19 Desemba 2024

Baba yangu,

Mimi.

Mimi nitapima. Nilipata B ya hesabu kidato cha nne na saa ninayo, Meshaki alininunulia siku ya posa. Nitakaa na Mama siku zote utakazokuwa Mbeya, nitaandika milimita kwa kalamu yako, Jumamosi ukurasa wake, Jumapili ukurasa wake. Lakini kipimo hakifundishwi kwa barua. Nimejaribu kuchora nikachora kitu kama birika. Itabidi unioneshe mwenyewe, mkono wako na macho yangu.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Shangazi Atupele. Nilipomwambia nataka kuonana na wewe alishika kifua.

"Kuonana na nani?"

"Na baba mkwe, Shangazi."

"Uso kwa uso?"

"Uso kwa uso. Na nimeshamwandikia barua nyingi tu."

"Barua! Yesu wangu! Na mimi nikajisifu kanisa zima kwamba nimefunda!"

Alizunguka nyumba mara mbili. Nilidhani atanifukuza. Akarudi, akakaa, akaniuliza kuhusu tumbo lako, akalia kidogo kwa kuwa wewe ni kaka yake. Kisha akafuta pua akasema, "Mimi ndiye niliyekufunga, mimi ndiye nitakayekufungua. Tafuta khanga mpya na kuku jike asiyetaga bado. Utapiga magoti, utampa kuku, atakuita jina lako, utaitika. Basi. Na ole wako umtazame kama unatazama gwaride." Nikamwuliza kuhusu jina. Akasema, "Jina nalo nimekufungua. Kwa hali hii nani ana nguvu ya kuzunguka maneno?"

Basi nitaliandika sasa. Ni kama vile naruka mto.

Mwaka.

Mwaka, Baba. Mwaka mpya. Mwaka mzima. Nimelisema kwa sauti jikoni, Meshaki akatoka chumbani mbio akidhani nimeungua. Nikamwambia, "Mwaka!" Akaninyanyua juu akanizungusha mpaka sufuria ya maharage ikamwagika. Leo tumekunywa chai kwa maandazi, na sijawahi kula chakula kitamu hivyo.

Shajara haijakatwa. Nimefungua ukurasa wa 31 Desemba, ule wa mwisho kabisa, nikaandika kwa penseli, pembeni, herufi ndogo: "Baba aandike hapa." Nimetumia penseli ili uifute mwenyewe siku hiyo, uandike mvua juu yake.

Jumamosi tarehe 28, kabla mwezi huu haujaisha, saa tatu kasorobo asubuhi, nitakuwa langoni kwako na Meshaki, Shangazi, kuku, na shajara ya kijani. Usiingie migombani, Baba. Mimi nami sitaingia.

Mkamwana wako,
Tusekile Mwakalukwa